Mkristu Katika Hekalu la Wengine

Je, Mkristu aweza kuingia katika hekalu la dini nyingine, akatazama, akatoka, na dhamiri yake ikabaki safi? Zamani swali hili liliwahusu wamisionari, mabaharia na wafanya biashara wachache. Siku hizi lawahusu watu wengi, maana ndege zimeisogeza karibu miji iliyokuwa mbali, na hata vijana wasio na mali nyingi huzunguka dunia wakiwa na mzigo mgongoni, wakilala katika nyumba za wageni za bei ndogo na kula vyakula vipikwavyo kando ya njia. Wengi wao wamebatizwa. Wafikapo katika nchi za Asia, kitu cha kwanza wanachoonyeshwa ni mahekalu. Wengine huingia kama mtu aingiavyo sokoni; wengine husimama nje kwa hofu. Ni nani kati yao aliyeshika njia iliyo sawa?

Yafaa kuchukua mahali pamoja panapojulikana, ili maneno yasielee hewani. Bangkok ni mji mkuu wa Thailand, nchi iliyoitwa zamani Siam. Wenyeji huuita mji wao Krung Thep, maana yake mji wa malaika. Mfalme Rama I aliuweka kuwa mji mkuu mwaka 1782, baada ya mji mkuu wa kale, Ayutthaya, kuteketezwa na majeshi ya Burma mwaka 1767. Kando ya mto Chao Phraya alijenga jumba lake la kifalme, na ndani ya boma la jumba hilo akajenga hekalu liitwalo Wat Phra Kaew. Humo imewekwa sanamu ya Budha iliyochongwa katika jiwe la kijani. Sanamu yenyewe ni ndogo, kimo chake kama sentimeta 66 tu, lakini hapana nyingine inayoheshimiwa kuipita katika nchi nzima, na mavazi yake hubadilishwa na mfalme mara tatu kwa mwaka, kwa majira ya joto, ya mvua na ya baridi. Karibu na hapo liko hekalu la Wat Pho, penye sanamu ya Budha aliyelala, urefu wake meta 46. Na ng'ambo ya mto wasimama mnara wa Wat Arun, uliopambwa kwa vipande vya vyombo vya kaure kutoka China. Mgeni mwenye miguu yenye nguvu aweza kuyaona yote matatu kwa siku moja. Wengi hufanya hivyo, wakikimbia kutoka moja hadi jingine katikati ya moshi na makelele ya motokari, na jioni hawakumbuki tena ni wapi waliona nini.

Basi msomaji na awawazie mume na mke vijana kutoka Ulaya, Wakatoliki wote wawili, mifuko mikubwa mgongoni, waliofika Bangkok jana usiku. Asubuhi mwenye motokari ya magurudumu matatu, ile iitwayo tuk-tuk, anawaambia kwamba hekalu limefungwa leo, na kwamba yeye atawapeleka mahali pengine pazuri zaidi. Uwongo huu unajulikana sana mjini humo, na mwisho wake huwa ni duka la vito au la mshona nguo. Hawamsikilizi. Wanafika mlangoni. Mlinzi anaonyesha magoti ya bibi: hapa haingii mtu mwenye magoti wazi wala mabega wazi. Bibi anajifunga kitambaa. Wanalipa, maana wageni hulipa na wenyeji huingia bure, jambo linaloonyesha wazi kwamba kwa hao wenyeji nyumba hii ni ya sala. Kisha wanafika kwenye ngazi za hekalu lenyewe, penye viatu vingi vilivyopangwa.

Hapo ndipo wanapoachana. Bwana anakataa kuvua viatu. Anakumbuka amri ya kwanza aliyofundishwa utotoni. Anakumbuka kwamba Musa alivua viatu mbele ya kijiti kilichowaka moto, kwa sababu Mungu alikuwapo pale. Kuvua viatu mbele ya sanamu, asema, ni kuipa sanamu haki ya Mungu. Anakaa nje juani. Bibi anaingia, anaketi sakafuni, anaikunja miguu nyuma kama alivyoonywa, kwa kuwa kuielekeza nyayo kwenye sanamu ni tusi kubwa kwa watu wale. Wala hapigi picha ndani, maana imekatazwa. Mpaka hapo amefanya vema. Lakini atokapo anaona watu wakisali uani mbele ya meza ya matoleo. Ananunua ua la yungiyungi, mshumaa, na vijiti vitatu vya ubani, kama wanavyofanya wale. Anapiga magoti kati ya wanawake wazee, anaviinua vijiti mpaka kwenye paji la uso, anafumba macho, na kwa sauti ndogo anamwita mumewe ampige picha. Na yule aliyekataa kuvua viatu anaitoa simu yake na kupiga picha.

Watu hawa wawili ni wa mfano tu, lakini kila apitaye pale aweza kuwaona wenzao. Mmoja ameona ibada mahali palipo na adabu tu. Mwingine ameona mchezo mahali palipo na ibada. Yafaa kuwapima mmoja mmoja, na kumwanza bwana, maana shauri lake ni jepesi zaidi.

Nchini Thailand mtu huvua viatu kila aingiapo katika nyumba: ya jirani, ya mama yake, na mara nyingi hata ya duka dogo au ya shule. Ni adabu ya nyumba. Mwislamu naye huvua viatu mlangoni pa msikiti, na mgeni Mkristu aliyealikwa kuuona msikiti huvua vyake, na hapana mtu anayesema kwamba amesilimu. Ishara haina maana moja kwa mataifa yote. Mbele ya kijiti kile Musa alivua viatu kwa agizo la Mungu mwenyewe. Kwenye ngazi za Bangkok mgeni avua viatu kwa sababu sakafu ni safi na wenye nyumba wameomba hivyo. Bwana huyo hakufanya dhambi kwa kukaa nje. Dhamiri yake ilimkataza, na mtu hana ruhusa kuikanyaga dhamiri yake hata inapokuwa haijaelimishwa. Lakini ana wajibu wa kuielimisha.

Kanisa lenyewe limechukua muda mrefu kujifunza somo hili, tena kwa uchungu. Wakristu wa China walikatazwa kabisa mwaka 1742, kwa amri ya Papa Benedikto XIV, wasishiriki katika desturi za kumheshimu Konfusio na wazee waliokufa, kwa kuwa ilihukumiwa kwamba ni ibada za dini. Katazo hilo lilidumu karibu miaka 200, na likawa kikwazo kikubwa kwa familia nyingi. Mwaka 1936 Roma iliwaruhusu Wakatoliki wa Japani kutoa heshima katika mahali fulani pa taifa, kwa sababu ilielezwa kwamba huko ilikuwa ni alama ya upendo kwa nchi na kwa wafalme wake. Na mwaka 1939, chini ya Papa Pio XII, Wachina nao waliruhusiwa kuinamisha kichwa mbele ya picha ya Konfusio na ya marehemu wao. Imani haikubadilika kati ya mwaka 1742 na mwaka 1939. Yaliyobadilika ni maarifa: Kanisa liliuliza tena wenyeji wenyewe wanafahamu nini katika ishara ile. Hilo ndilo swali ambalo bwana yule angeweza kumwuliza mlinzi, naye angejibiwa mara moja, kwa kicheko.

Tena mwaka 1965, tarehe 28 Oktoba, Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulitoa tamko liitwalo Nostra Aetate, ambalo linawataja Wabudha kwa jina, na kufundisha kwamba Kanisa halidharau lo lote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtembelea Patriarka Mkuu wa Wabudha wa Thailand mwezi Mei 1984. Baba Mtakatifu Fransisko alimwendea Patriarka wa siku zake katika hekalu la Wat Ratchabophit, Bangkok, mwezi Novemba 2019. Waliingia, waliketi, walizungumza, walitoka. Basi kuingia peke yake si kosa.

Sasa bibi. Yeye angejitetea hivi: “Sikuabudu. Moyoni mwangu hapakuwa na kitu. Vijiti vile kwangu ni vijiti, na picha ni picha.” Utetezi huu unapendeza masikioni mwa watu wa siku hizi, ambao wamezoea kufikiri kwamba moyo ndio kila kitu na mwili ni nguo tu. Lakini utetezi huo una umri mkubwa kuliko wanavyodhani, na Kanisa lilikwisha kuusikia na kuukataa.

Mwaka 250 Kaisari Decius wa Roma aliamuru watu wote katika dola yake watoe sadaka kwa miungu, na kila mmoja apewe cheti cha kushuhudia kwamba ametoa. Wakristu wengine walikataa wakafa au wakafungwa. Wengine walichukua chembe za ubani wakazitupa motoni, huku wakisema moyoni kwamba hawaamini. Wengine walikuwa werevu zaidi: hawakugusa ubani kabisa, bali walitoa fedha kwa siri, wakanunua cheti kinachosema uwongo kwamba walitoa sadaka. Dhuluma ilipotulia, Mtakatifu Sipriani, Askofu wa Kartago, alikuwa na kazi ngumu ya kuwaamua watu hawa waliotaka kurudi mezani pa Bwana. Aliwapima kwa tofauti, maana waliotupa ubani walikuwa wamefanya zaidi ya walionunua cheti. Lakini hakuwaacha hao wa pili bila malipizi. Cheti kilisema mbele ya watu kwamba Mkristu huyu amewasujudia miungu, naye alikitaka kiseme hivyo.

Picha ya bibi yule ni cheti cha namna hiyo. Inasema mbele ya watu wote watakaoiona kwamba amesali pale. Tofauti iko, na ni lazima itajwe kwa haki. Wakristu wa siku za Decius walikuwa na woga wa upanga, nao ulipunguza kosa lao. Lakini walijua vema wanachofanya. Bibi huyu hakutishwa na mtu, alitaka picha nzuri tu. Lakini kwa upande wake hakujua. Wataalamu wa maadili hufundisha kwamba dhambi ya mauti yahitaji jambo zito, ujuzi kamili na kukubali kwa hiari. Hapa jambo ni zito, hiari ipo, ujuzi haupo. Padri mwenye busara asingemtoza malipizi ya Kartago. Angemwambia tu asirudie, na angemweleza sababu.

Na sababu ingekaa moyoni zaidi kama angemsimulia yaliyotokea katika nchi ile ile ya Thailand, si mbali na mto Mekong, katika kijiji kiitwacho Songkhon. Mwishoni mwa mwaka 1940 palikuwa na vita kati ya Thailand na Wafaransa waliotawala nchi ya jirani, na kwa hiyo dini ya Kikatoliki ilionekana kuwa dini ya adui. Padri wa kijiji alifukuzwa. Polisi wakawaamuru waamini waiache dini yao. Aliyebaki kuwaongoza ni mwalimu wa shule na katekista, Philip Siphong Onphitak, mtu mwenye umri wa miaka 33, mwenye mke na watoto. Aliitwa kwa hila nje ya kijiji, akapigwa risasi njiani msituni tarehe 16 Desemba 1940. Siku 10 baadaye, tarehe 26 Desemba, waliuawa watawa wawili, Agnes Phila na Lucia Khambang, pamoja na mpishi mmoja mzee na wasichana watatu, ambao hapana kati yao aliyefikia miaka 20. Yohane Paulo II aliwatangaza wote saba kuwa Wenye Heri tarehe 22 Oktoba 1989.

Isidhaniwe kwamba hadithi hii yasimuliwa ili kuwashitaki Wabudha. Waliowaua walikuwa maaskari waliojaa hasira ya vita, wala mafundisho ya Budha hayaruhusu kuua hata mdudu. Yasimuliwa kwa sababu ya swali moja. Kama ishara isiyo na moyo si kitu, Philip alikufa kwa ajili gani? Angaliweza kukana kwa mdomo, moyo wake ukabaki na Kristu, akarudi nyumbani kwa watoto wake, akaendelea kufundisha katekisimu kwa siri. Hakufanya hivyo, wala wasichana wale hawakufanya. Walijua kwamba mdomo na magoti ni vya Mungu pamoja na moyo.

Liko kosa la pili la bibi, na huenda hili lamchukiza Mungu zaidi kuliko lile la kwanza. Karibu naye alipiga magoti mwanamke mzee. Labda mjukuu wake ni mgonjwa, labda amefiwa. Huyo hakuja kutazamwa. Vijiti vyake vitatu vina maana aliyofundishwa na mama yake: kimoja kwa ajili ya Budha, kimoja kwa ajili ya mafundisho yake, kimoja kwa ajili ya jumuiya ya wamonaki. Ghafla pembeni yake yuko mgeni anayefanya kama yeye, akicheka kwa macho, na mbele yao mtu mwenye simu. Sala yake imegeuzwa kuwa pambo la picha ya mtu mwingine. Yule bibi hakumwabudu Budha, hilo na likubaliwe. Lakini alimdharau jirani yake. Wakristu wanajua kwamba amri ya pili inafanana na ile ya kwanza.

Msomaji wa Kongo hahitaji kuelezwa sana jambo la kutazamwa. Mwaka 1897, kwa maonyesho makubwa yaliyofanywa Ubelgiji, Wakongo 267 walipelekwa huko, na wengi wao waliwekwa katika vijiji vya kuigiza huko Tervuren, ili watu wapite na kuwatazama wakipika, wakicheza na kupiga makasia. Saba kati yao walikufa, na makaburi yao yako mpaka leo karibu na kanisa la mahali pale. Wengi wa waliokuja kutazama hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu waliolipa nauli ya kwenda kustarehe na watoto wao siku ya Jumapili, baada ya Misa.

Mtu aliyesoma Maandiko ataleta hapa neno la Naamani. Jemadari huyu wa Shamu, alipokwisha kuponywa ukoma na kumwamini Mungu wa Israeli, alimwomba nabii Elisha msamaha kwa jambo moja: mfalme wake atakapoingia katika nyumba ya mungu Rimoni, akiegemea mkono wake, yeye naye italazimu ainame. Elisha alimwambia aende kwa amani. Je, bibi hawezi kwenda kwa amani naye? Lakini yatazamwe maneno yote ya habari ile. Naamani alikwisha kukiri wazi kwamba hapana Mungu mwingine. Alibeba udongo wa Israeli, mzigo wa nyumbu wawili, apate mahali pa kumtolea Mungu sadaka. Aliinama kwa sababu mtu mwingine alimwegemea. Na hata hivyo aliona haya, akaomba asamehewe kabla. Bibi hakuegemewa na mtu.

Neno la Naamani lina wenyewe. Wakatoliki wa Thailand hawafikii mmoja katika kila watu mia. Wengi wana baba, shemeji au mkubwa wa kazi aliye Mbudha. Mzee anapokufa, mwana Mkristu atafanya nini? Atakwenda hekaluni, atalibeba jeneza, ataketi wakati wamonaki wanapoimba, atawahudumia wageni maji na chakula. Hatatoa ubani kama sala yake, naye hatawaacha ndugu zake peke yao na maiti. Kuupata mpaka huo kila siku, katika nyumba moja na watu mnaopendana, ni kazi ngumu sana, na Mkristu anayeishi mahali ambapo jirani wote wamebatizwa hana ruhusa ya kuwahukumu. Mtume Paulo aliwapa Wakorinto kanuni inayosaidia: ukialikwa chakula na asiyeamini, kula bila kuulizauliza, lakini mtu akikuambia kwamba chakula hiki kimetolewa sadaka, basi usile, kwa ajili ya dhamiri ya huyo aliyekuambia. Paulo alijua kwamba nyama ni nyama. Aliangalia ishara itasema nini kwa mwingine.

Lakini je, Wabudha wanaiabudu sanamu? Mkatoliki anapaswa kujibu polepole, kwa kuwa yeye mwenyewe ameshitakiwa hivyo mara nyingi. Mtaguso wa Pili wa Nikea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima ipewayo picha takatifu humwendea yule aliyeonyeshwa katika picha, haiishi katika ubao. Mbudha aliyefunzwa vizuri naye atasema kwamba Budha si Mungu Muumba, alikuwa mtu, mwalimu, na kwamba sanamu yamkumbusha mafundisho yake. Ni kweli pia kwamba wengi wasiosoma huomba mbele ya sanamu mvua, mtoto au ushindi wa bahati nasibu. Lakini mapadri wa kila nchi wanajua wanayoyaomba Wakristu wengine mbele ya sanamu ya Mtakatifu Antoni. Kusema hivi si kusema kwamba dini zote ni sawa. Aliyeonyeshwa katika msalaba alikufa kwa ajili ya watu akafufuka, na hapana mwingine aliyefanya hivyo. Hiyo tofauti ni kubwa ya kutosha. Haina haja kuongezewa na masingizio.

Kwa kupita tu, liko jambo la ajabu. Kwa muda wa karne nyingi Wakristu wa Ulaya walisoma hadithi ya mtakatifu Yosafati, mwana wa mfalme wa India aliyefungiwa katika jumba la raha asione taabu, akamwona mgonjwa, akamwona mzee, akaacha ufalme. Jina lake liliandikwa katika orodha ya watakatifu. Baadaye wataalamu walitambua kwamba ni habari za maisha ya Budha mwenyewe, zilizosafiri kutoka lugha hadi lugha mpaka zikavaa nguo za Kikristu.

Paulo alipofika Athene, roho yake ilichukizwa na wingi wa sanamu. Hata hivyo hakukaa nje ya mji akiwa amejifunika macho. Alizunguka, akatazama kwa makini, mpaka akaona madhabahu ya mungu asiyejulikana, akaanzia pale kuhubiri. Kutazama kwake kulikuwa kama kusoma. Mgeni wa Bangkok aweza kusoma vivyo hivyo, tena vitu vizuri vyenyewe haviko katika dhahabu. Katika hekalu la Wat Traimit iko sanamu ya dhahabu yenye uzito wa tani 5 na nusu, ambayo kwa miaka mingi ilidhaniwa ni ya chokaa tu, mpaka mwaka 1955, ilipokuwa ikihamishwa, chokaa ikapasuka na dhahabu ikaonekana. Wahubiri hupenda sana habari hii, na wameitumia mpaka imechoka. Afadhali mgeni aamke mapema, awaone wamonaki wakipita miguu mitupu katika vichochoro, bakuli mikononi, wakipokea wali na mboga kutoka kwa watu maskini. Apokeaye hashukuru, atoaye ndiye ainamaye, kwa kuwa amepewa nafasi ya kutoa. Baada ya saa sita mchana wamonaki hao hawali tena mpaka kesho yake. Kanisa la Kilatini huwadai waamini wake kufunga siku 2 kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na wako wanaonung'unika. Mkristu anayewaona vijana wale wakitembea kwa ukimya, na wengi wao wamevaa nguo ile kwa miezi mitatu tu ya majira ya mvua kisha watarudi kazini, ana jambo la kujiuliza, na halihitaji simu.

Limebaki jambo la fedha. Katika Wat Pho, kandokando ya ukuta ulio nyuma ya Budha aliyelala, yamepangwa mabakuli 108 ya shaba, na mtu hununua sarafu ndogo ndogo, kisha hutembea akidondosha moja katika kila bakuli. Mlio wake husikika katika jumba zima kama mvua juu ya mabati. Je, bwana na bibi wale waweza kufanya hivyo? Kuchangia paa lililowakinga jua si kosa, hata paa hilo likiwa la hekalu. Mgeni hutoa kitu katika nyumba aliyopokewa. Lakini sarafu 108 zinazohesabiwa ili kupata bahati ni jambo jingine, na kufanya hivyo kwa kucheka hakubadilishi kitu, maana anayetembea nyuma yao hasikii kicheko, asikia sarafu. Hekaluni kuna pia sanduku la matoleo kwa ajili ya matengenezo. Humo noti moja yaingia mara moja, bila kuhesabu na bila mlio.